Ukungu wa Ghorofa ya Nne

Ukungu wa mto Clyde huamka alfajiri;
ikifika saa nne umejiondokea,
winchi za bandari zinaonekana tena
zimesimama bila kazi, shingo juu.
Ukungu wa ukutani haujui saa.
Kwa Effie Rankine uliingia mwaka alioolewa,
ukamzika mume, ukabaki na mjane,
mweusi, wenye manyoya, nyuma ya kabati la harusi.

Afisa wa nyumba alikuja na kidude chenye taa,
akakigusisha plasta, kikalia kama kifaranga.
Akaandika. Akasema:
mnachemsha supu madirisha yamefungwa,
mnaanika nguo ndani,
mnapumua sana.
Naapa, alisema hivyo: mnapumua sana.
Tukajaribu kupunguza.

Aliyetuamsha ni Catriona Baird, mwalimu wa chekechea, ghorofa ya pili.
Alikuja na bunda la karatasi za kufungia nyama
na vipande vya mkaa.
"Leo hatusugui," alisema. "Leo tunapima.
Kila doa kwa ukubwa wake uleule,
na jina la anayelala karibu nalo."

La Effie lilitoka kama ng'ombe asiye na kichwa.
La akina Chaudhry, kisiwa chenye ghuba mbili;
Zunaira wao, wa miaka sita, akashikilia
lazima liwe na macho, maana usiku humtazama.
Tukaliwekea macho.

Dougie Pirie alitufungia mlango.
"Aibu yangu niianike barabarani kama suruali?"
Hatukumjibu. Mtu na mlango wake.
Wiki ya tatu, usiku, akashuka
na karatasi kaikunja kama wosia.
Tulipoikunjua ilijaza sakafu yote ya chini:
doa la kitandani kwa mwanawe,
yule asiyetoka bila dawa yake ya pumu mfukoni.
Hakuna aliyesema neno.
Tuliliweka katikati.

Mimi nilikuwa mwandika majina katika karakana ya meli,
miaka thelathini na mmoja, kwa herufi za kimo cha mtoto,
majina ya vyombo ambavyo sikupanda hata kimoja.
Siku hizi kikombe hunimwagikia. Nikasema, nipeni ngazi.
Tukachagua ukuta wa mwisho wa jengo, ule unaotazama reli,
na rangi ya buluu, kwa kuwa buluu ndiyo iliyoshushwa bei.
Mkono haukutetemeka
mpaka nilipofika kwenye jina langu.

Neno sanaa lililetwa na mwandishi wa gazeti.
Sisi tulikuwa tukisema tu: ule ukuta.

Abiria wa saa moja na nusu wakaacha simu zao, wakasoma:
Rankine, miaka arobaini na miwili.
Chaudhry, watu watano, chumba kimoja.
Dirisha la treni halina kope;
ukipita, umeona.

Halmashauri ikatuma vijana wawili na chokaa.
Kutoka asubuhi hadi chai, tukafutwa.
Catriona aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
hakulia, alitafuna kucha.

Lakini chokaa yao ilikuwa ya bei ya kutupwa,
na Novemba ya kwetu haina haya.
Unyevu ukapenya kutoka ndani kuja nje.
Ng'ombe akarudi. Ghuba zikarudi.
Macho ya Zunaira yakafunguka, moja, kisha jingine.
Ukungu, kwa mara ya kwanza,
ukatufanyia kazi.

Hesabu ya leo: nyumba kumi na moja zimekaushwa,
kumi na tatu bado; yangu ni katika hizo.
Effie kapewa plasta mpya na halali vizuri,
anasema ukuta umekuwa kimya mno.
Ngazi yangu iko mtaa wa pili.
Waliiazima wiki iliyopita, na ndoo mbili za buluu.
Wameahidi kuirudisha Jumamosi.
Natumaini hawatairudisha.